Mtahini Aliyezaliwa na Wapinga Mitihani

Tanganyika na Zanzibar zilipoungana mwaka 1964, mambo ya Muungano yalikuwa 11. Leo orodha iliyo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ina mambo 22. Ukiisoma kutoka juu unapita katiba yenyewe, mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, sarafu, bandari na posta, kisha ukiteremka unakuta jambo ambalo wengi wetu hatukumbuki kwamba limo: Baraza la Taifa la Mitihani la Tanzania, pamoja na mambo yote yanayohusika na kazi zake. Shule za msingi na sekondari hazimo. Zanzibar ina wizara yake ya elimu, na mitihani ya ngazi za chini kule husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Lakini ikifika kidato cha nne na cha sita, mtoto wa Wete na mtoto wa Sumbawanga hufunguliwa bahasha za aina moja, asubuhi moja, na maswali ndani yake ni yale yale. Tunaweza kubishana mchana kutwa kuhusu kodi na bendera. Pepa la Hesabu ni moja.

Baraza hilo la Taifa, ambalo mitaani halina jina jingine zaidi ya NECTA, lilitimiza miaka 50 mwaka 2023, ukihesabu tangu Bunge lilipopitisha Sheria Na. 21 ya 1973. Historia za taasisi zilizofikisha umri huo kwa kawaida hujaa majina ya wakurugenzi na picha za majengo. Mimi nimevutwa na kitu kingine. NECTA iliundwa na kizazi cha viongozi waliokuwa na mashaka makubwa na mitihani, tena waliosema hivyo kwa maandishi, na ikakua ikawa mtahini anayeogopwa kuliko mwingine yeyote nchini.

Kabla yake mtahini wetu alikaa Uingereza. Kuanzia 1947 hadi 1967, wanafunzi wa Tanganyika waliofika mwisho wa sekondari walitahiniwa na bodi ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Maswali yalitungwa huko, na majibu yakarudi huko kusahihishwa na watu ambao hawakuwahi kuona ubao wa shule ya Tabora wala ya Minaki. Na waliofika hatua hiyo walikuwa wachache mno, maana njiani palikuwa na mchujo wa darasa la nne, la nane na la kumi. Cambridge ilikuwa ya darasa la kumi na mbili. Mwaka wa Uhuru, 1961, sekondari zote za nchi zilikuwa na wanafunzi 11,832, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Nchi nzima. Siku hizi kuna shule moja moja zenye zaidi ya hao.

Cambridge iliondoka ikatuachia kitu ambacho bado tunacho: divisheni. Mtihani wa enzi hizo ulitoa cheti kimoja kwa masomo yote kwa pamoja, na mwenye cheti akapangwa daraja la kwanza, la pili au la tatu. Waingereza wenyewe waliachana na cheti cha namna hiyo nyumbani kwao mwaka 1951, wakaanza kutoa cheti cha somo moja moja. Sisi tumeendelea nacho. Kidato cha nne huchukuliwa masomo saba mtahiniwa aliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi moja, B mbili, C tatu, D nne na F tano, zikajumlishwa. Mwenye pointi saba hadi 17 ana divisheni wani. Akifika 34 au 35 ana sifuri. Ndiyo maana mzazi anayetamba haishii kusema mwanawe amepata wani. Anasema wani ya saba, na msikilizaji anaelewa kwamba hapo hapana pa kupanda tena.

Mwaka 1967 mambo mawili yalikutana. La kwanza lilikuwa la kiutawala: nchi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa zinajiandaa kupokea kazi ya Cambridge kwa pamoja, na kuanzia 1968 vijana wakafanya mtihani wa baraza la pamoja la Afrika Mashariki. La pili lilikuwa la kifikra. Mwezi Machi mwaka huo Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na humo akaishambulia mitihani waziwazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtihani hupima uwezo wa mtu kushika mambo na kuyatapika akitakiwa, ndani ya muda aliopangiwa. Uwezo wa kufikiri unaupima kwa shida, na tabia ya mtu na moyo wa kuwatumikia wenzake hauvipimi kabisa. Aliona kwamba shule zilikuwa zinafundisha kile kilichoulizwa na mtihani, na mtihani ulikuwa umetungiwa watu wengine na kwa mahitaji mengine. Alitaka mambo yageuzwe: kwanza nchi iamue inataka kufundisha nini, halafu mtihani ufuate nyuma.

Aliyesema haya alikuwa mwalimu aliyepita Tabora na Makerere, mtu ambaye mitihani ilimpandisha kila alipoikalia. Hilo liliipa hoja uzito, kwa maana hapana aliyeweza kumwambia kwamba zabibu ni chungu kwa kuwa hazifikii.

Ukiishika hoja hiyo, mtihani wa pamoja wa Afrika Mashariki unakuwa mgumu kuukubali. Utawezaje kupima Elimu ya Kujitegemea kwa karatasi inayowafaa pia Nairobi na Kampala, ambako siasa ya elimu ilikuwa nyingine? Mwaka 1971 Tanzania Bara ikajitoa. Kenya na Uganda ziliendelea kwa muda, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Kenya ikaunda baraza lake mwaka 1980, Uganda mwaka 1983. Kwa hiyo katika talaka hii ya mitihani sisi tulitangulia, miaka kadhaa kabla ya talaka kubwa.

Mwanzo wa Baraza ulikuwa wa kawaida sana. Baada ya kujitoa, mitihani iliangukia mikononi mwa kitengo cha mitaala na mitihani ndani ya Wizara ya Elimu ya Taifa. Aprili 1972 sehemu ya mitihani ikatenganishwa na ile ya mitaala, na hapo ndipo mbegu ilipopandwa. Sheria ikaja mwaka uliofuata. Mwaka 1974 akateuliwa Katibu Mtendaji wa kwanza, P. P. Gandye, akahamishwa kutoka makao makuu ya wizara na wenzake wachache, ingawa kwa muda waliendelea kukaa huko huko wizarani. Baadaye Baraza likapata kiwanja karibu na Mwenge, pale Barabara ya Bagamoyo inapokutana na Sam Nujoma, na sanduku la posta namba 2624, ambalo nadhani ni miongoni mwa masanduku yaliyoandikiwa barua nyingi zaidi za huzuni katika nchi hii.

Kutenganisha mtaala na mtihani lilikuwa jambo la busara kiutawala, kwa sababu anayefundisha asiwe pekee anayejipa alama. Lakini ndipo pia ulipoingia mgongano ambao haujaisha. Waraka wa 1967 ulitaka mtihani uwe mtumishi wa mtaala. Ukishampa mtumishi sheria yake, ofisi yake, wino wake na mhuri wake, hachukui muda mrefu kugundua kwamba wageni wote wanapitia kwake.

Novemba 1974, chama cha TANU kikakutana Musoma. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa kuagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe kufikia 1977, lakini sehemu yake nyingine ilielekezwa moja kwa moja kwenye kazi ya Baraza lililokuwa bado changa. Chama kilisema mtihani wa mwisho umepewa utukufu usiostahili. Kikaagiza kwamba kijana asiende Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Afanye kazi kwanza, na wale aliofanya nao kazi watoe maoni yao juu yake. Na mtihani wenyewe upunguzwe nguvu kwa kuhesabu maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku darasani na shambani. Kuanzia 1976 alama za shuleni zikaanza kuingia katika matokeo ya mwisho. Siasa ikawa somo la kutahiniwa, ikakaa mpaka vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kisha ikatoka na mahali pake pakachukuliwa na Uraia.

Lilikuwa jaribio la kishujaa, na nalitazama kwa heshima hata pale liliposhindwa. Kwa hakika walikuwa wanauliza swali sahihi: kwa nini saa tatu za Novemba ziwe na sauti kuliko miaka minne ya mwalimu anayemwona mtoto kila siku? Ila jibu lilitegemea kitu adimu, nacho ni walimu wa shule mia kadhaa wanaopima kwa kipimo kimoja. Mwalimu wa shule moja anatoa sabini kwa kazi ambayo mwenzake wa wilaya jirani angeipa arobaini, na wote wawili ni waaminifu. Yule asiye mwaminifu ana kazi rahisi zaidi, kwa sababu mwanafunzi ni wake, sifa ni ya shule yake, na kalamu iko mkononi mwake. Taratibu uzito wa alama za shuleni ukapungua, na hadi leo sehemu kubwa ya hesabu inatoka katika chumba cha mtihani. Kila serikali tangu hapo imerudia maneno ya Musoma kuhusu kukariri, na kila Novemba bahasha zinafunguliwa kama kawaida.

Tuzizungumzie bahasha hizo, maana kwa mtu wa kawaida NECTA ndiyo bahasha. Maswali hutungwa na walimu na wataalamu wa masomo walioitwa kwa siri, yakahakikiwa na wengine, yakachapwa chini ya ulinzi. Yakishafungwa husafirishwa mpaka mikoani na wilayani, ambako kamati za mitihani huyahifadhi katika vyumba vya kufuli na askari mwenye bunduki mlangoni. Ukerewe na Mafia yanavuka maji. Asubuhi ya mtihani msimamizi hubeba bahasha mpaka ndani ya chumba, huwaonyesha watahiniwa kwamba haijaguswa, ndipo anaikata mbele yao. Wapo watahiniwa wasioona wanaoandaliwa karatasi za nukta nundu, na wenye uoni hafifu wanaochapiwa maandishi makubwa. Mtahiniwa wa shule ana namba inayoanza na herufi S, wa kujitegemea ana P, na hiyo P imebeba maisha mengi: mama aliyeacha shule akarudi akiwa na watoto watatu, karani anayetafuta kupandishwa cheo, kijana anayerisiti Hesabu kwa mara ya tatu. Kwa asiyepita sekondari kabisa upo Mtihani wa Maarifa, ambao watu huuita QT, unaomfungulia mlango wa kidato cha nne.

Baada ya mtihani, Desemba, walimu wenye uzoefu huitwa kambini kusahihisha. Mtindo uliozoeleka ni wa karatasi kupita mkono kwa mkono: msahihishaji hupewa swali moja tu, analisoma na kulipa alama kwenye karatasi moja baada ya nyingine mpaka linamtoka puani, kisha karatasi inasogea kwa mwenzake wa swali linalofuata. Kwa mtindo huo hakuna mtu mmoja anayeishika hatima ya mtoto peke yake. Nafsi yangu hupata faraja hapo, ingawa wasahihishaji wenyewe hawauoni kama faraja ikifika wiki ya pili.

Ulinzi huo wote una historia yake, na ni historia ya kuvuja. Mwaka 1998 mtihani wa kidato cha nne ulivuja kwa kiwango ambacho serikali ilibidi iufute. Miaka kumi baadaye, 2008, pepa la Hesabu likavuja nalo likafutwa. Baraza likakaza: kufuli nyingi zaidi, adhabu kali zaidi, matokeo ya vituo vizima kufutwa pale udanganyifu ulipothibitika. Sitaki kuipunguza aibu ya miaka ile, lakini ione pia kwa upande wa pili. Pepa huvuja pale ambapo lina thamani ya kununuliwa. Nchi ilipokuwa na sekondari chache, kufeli kidato cha nne hakukumfunga mtu njia zote. Kazi zilipoanza kuadimika na cheti kikawa sharti la karibu kila mlango, bei ya bahasha ilipanda, na hakuna kufuli linaloshusha bei.

Halafu zikaja shule za kata. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,700 hivi. Mwaka 2010 zilipita 4,000. Wananchi walifyatua matofali, wakachanga mabati, na watoto ambao wazazi wao walikatizwa darasa la saba wakavaa sare za sekondari. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, maabara zilibaki ahadi, na vitabu vilisomwa na wanafunzi wengi kwa zamu. Watoto walioingia kidato cha kwanza 2009 walifika mezani kwa NECTA Oktoba 2012.

Matokeo yao yalitangazwa Jumatatu tarehe 18 Februari 2013 na Waziri wa Elimu, Dk. Shukuru Kawambwa. Waliofaulu, ukihesabu kuanzia divisheni ya kwanza mpaka ya nne, walikuwa 126,847, asilimia 34.5. Waliopata sifuri walikuwa 240,903. Waliopata divisheni ya kwanza nchi nzima walikuwa 1,641. Katika karatasi za miaka hiyo wasahihishaji walikutana na michoro, mistari ya bongofleva na hata matusi mahali palipotakiwa majibu. Watu walicheka, lakini mtoto anayechora kikaragosi kwenye karatasi ya Fizikia baada ya miaka minne bila mwalimu wa Fizikia amejibu swali, ingawa si lile aliloulizwa.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Tarehe 3 Mei, serikali ikatangaza bungeni kupitia Waziri William Lukuvi kwamba matokeo yamefutwa na alama zitapangwa upya. Hapa ndipo umma ulipojifunza siri ambayo kila mtaalamu wa upimaji anaijua: alama mbichi si daraja. Kati ya arobaini na tano ya karatasi na C ya cheti kuna mtu aliyekaa akaamua mstari upite wapi. Kwa miaka mingi mistari hiyo ilikuwa ikisogezwa kidogo kila mwaka kulingana na ugumu wa pepa na hali ya watahiniwa. Mwaka 2012 Baraza lilitumia mistari isiyosogea. Tume ikaona kwamba watoto hao walipimwa kwa utaratibu tofauti na kaka na dada zao bila kuandaliwa. Utaratibu wa zamani ukarudishwa, na ufaulu ukapanda mpaka asilimia 43.

Nani alikuwa sahihi? Nimesoma hoja za pande zote na nimebaki katikati kwa muda mrefu, lakini nikilazimishwa nitasema hivi: Baraza lilipima kwa ukweli jambo ambalo serikali haikuwa tayari kuambiwa, na lilichagua njia mbaya ya kulisema. Mistari isiyosogea ni haki pale tu shule zinapofanana. Hazikufanana. Wakati huo huo, kuisogeza mistari hakukumpa mtoto yeyote mwalimu wa Fizikia. Laki mbili na zaidi walibaki kuwa laki mbili, na mjadala wa kitaifa uliopaswa kuwa wa madawati na walimu ukageuka kuwa wa hesabu za madaraja.

Ukaendelea hivyo kwa miaka mitatu. Mwishoni mwa 2013 wizara, ambayo sasa katibu mkuu wake alikuwa Profesa Mchome mwenyewe, ilitangaza madaraja mapya, likiwamo B+, na wazo kwamba sifuri ifutwe mahali pake pawe na divisheni ya tano. Nchi ilicheka, kisha ikakasirika. Sifuri, kumbe, ilikuwa na watetezi. Mwaka uliofuata ikaja GPA, yaani wastani wa pointi, na matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yakatolewa kwa lugha ya vyuo vikuu ambayo mzazi wa Kibondo hakujua aipokee kwa furaha au kwa kilio. Shule zenyewe zilitafuta namna ya kuirudisha GPA katika divisheni ili zijue mtoto amepata nini.

Aliyeimaliza sarakasi hiyo alikuwa mtu wa ndani. Dk. Joyce Ndalichako, mtaalamu wa upimaji aliyesomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, aliongoza Baraza kama Katibu Mtendaji kuanzia 2005 hadi 2014. Ina maana dhoruba yote ya 2013 ilimpiga akiwa nahodha. Desemba 2015 Rais Magufuli akamteua kuwa Waziri wa Elimu, na mwanzoni mwa 2016 akaitaka ofisi aliyotoka itoe maelezo kwa nini GPA ilichukua nafasi ya divisheni. Maelezo hayakumridhisha. Matokeo ya kidato cha nne ya 2015 yalipotoka, divisheni ilikuwa imerudi, na pointi zake, na sifuri yake. Aliyekuwa amepokea kiti chake kwenye Baraza, Dk. Charles Msonde, ndiye aliyeyasoma.

Kwa mtu anayetaka kuijua sekondari ya Tanzania ilivyo kweli kweli, napendekeza kitu ambacho hakitajwi sana Baraza linaposifiwa. Kila mwaka hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, zikiwa na nakala za kurasa za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono. Humo utaona mtahiniwa aliyenakili swali neno kwa neno akaliwasilisha kama jibu. Utaona aliyeulizwa kuhusu mmomonyoko wa udongo akaeleza kitu kingine kwa sababu neno moja la Kiingereza lilimpita. Mwaka baada ya mwaka wachambuzi wanataja udhaifu wa lugha miongoni mwa sababu za kufanya vibaya, katika mitihani ambayo ukiondoa Kiswahili na masomo machache huandikwa kwa Kiingereza. Uamuzi wa lugha ya kufundishia si wa NECTA. Lakini ushahidi uko kabatini kwao, umepigwa chapa, na kwa kinaya kisichofichika kwa msomaji, nyingi ya taarifa zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza.

Kazi nyingine ya Baraza iliyokuwa imelala ikaamka ghafla. Serikali iliamua kuhakiki vyeti vya watumishi wake, na vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu vilihakikiwa kwa kumbukumbu za NECTA. Taarifa aliyokabidhiwa Rais Magufuli mjini Dodoma tarehe 28 Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wapo walioghushi karatasi nzima. Wapo pia waliotumia cheti cha ndugu, cha rafiki, au cha marehemu, wakajibu kwa jina hilo kazini kwa miaka ishirini, wakawa wauguzi na walimu waliopendwa. Rais aliagiza waondolewe. Miaka mitano baadaye serikali ya Rais Samia iliamua warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii waliyokatwa kwenye mishahara. Siku hizi cheti kina picha ya mwenyewe, na mwanafunzi anapewa namba ya utambulisho angali shule ya msingi, inayomfuata akihama shule, hivyo mlango ule umezibwa kwa kiasi kikubwa. Ila sijasahau kwamba chombo kilichoanzishwa na watu walioamini kuwa karatasi haisemi yote juu ya mtu ndicho kilichotoa karatasi ya mwisho juu ya watu hao.

Sasa watahiniwa wa kidato cha nne wanazidi nusu milioni kwa mwaka. Matokeo ambayo zamani yalifika kwa mkuu wa shule na kubandikwa ukutani, huku wenye hofu wakimtuma mdogo wao akaangalie, leo hufunguka kwenye simu dakika ile Katibu Mtendaji anapomaliza kusoma. Tovuti huelemewa, watu wakafungua tena na tena. Matokeo ya kila shule yako wazi kwa yeyote, namba kwa namba, na hapo ndipo lilipozuka suala la mwisho ninalotaka kuligusa.

Kwa miaka mingi Baraza lilitangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya shule za binafsi na za seminari, na ya magazeti. Tarehe 29 Januari 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, aliyekuwa akikaimu ukatibu mtendaji, Athumani Amasi, alisema orodha hizo hazitatolewa tena. Hoja ilikuwa kwamba watoto hawakusoma katika mazingira yanayofanana, na kuwapanga ni kuzitangazia biashara shule. Kwa lugha nyingine, lilikuwa lile neno lililokosekana mezani miaka kumi kabla, mistari ya 2012 ilipochorwa.

Umma haukulipokea kwa utulivu. Wako waliosema serikali inaficha aibu ya shule zake, wako waliosema ushindani umeuawa. Shule nazo hazikusubiri. Matokeo yote yakiwa wazi kwenye mtandao, wenye kikokotoo walikaa wakazipanga wenyewe, na kila Januari tangu hapo mabango hupanda kwenye kuta na kwenye mabasi ya shule, yakiwa na nyuso za watoto na chini yake pointi: saba, saba, saba, nane, saba.